Programu ya kusafisha picha: "siku 3 bure" zilivyonitoa 50,000

Nyota moja, kwa sababu sifuri haipo. Nina kibanda cha picha za pasipoti hapa Chikongola, Mtwara. Nikapakua, nikaweka namba za kadi. Kusafisha inasafisha kweli, hata kola iliyochakaa inatoka kama ya dukani. Siku ya nne zikakatwa 25,000. Kwa hasira nikaifuta kwenye simu. Wiki iliyofuata, 25,000 tena! Kumbe kufuta programu hakusitishi usajili. Inabidi uingie Google Play, uguse picha yako juu pale, uende kwenye malipo na usajili, uusitishe humo. Bei waliiandika, sikatai, ila kwa kijivu juu ya nyeupe, herufi kama mayai ya chawa. Na msimu wa korosho wenyewe bado, wateja wenyewe wa kuhesabu.