Amana ya Muscat na siku sita za Lamu

Tathmini hii inahusu huduma mbili nilizozilipia Desemba 2020. Ya kwanza ni ya wakala wa usafiri aliyetuuzia likizo ya Muscat, mji mkuu wa Oman, na ya pili ni ya nyumba ndogo ya wageni iliyoko mtaa wa Mkomani, Lamu, ambako tuliishia baada ya ile ya kwanza kuvunjika. Nimeziweka pamoja kwa sababu nisingeijua thamani ya moja bila kuipima na nyingine, na kwa sababu tuliporejea Malindi jamaa kadhaa waliniuliza kama ilikuwa busara kwenda kutembea nje ya nchi na hali korona ilikuwa bado ipo. Jibu langu lilikuwa hapana, na nitaeleza nilivyolifikia. Jina la wakala silitaji. La nyumba pia silitaji, kwa kuwa mwenyewe aliniomba hivyo: ana vyumba viwili tu, na hataki msururu wa watu mlangoni pake.

Mume wangu ana ndugu Muscat, kama zilivyo familia nyingi za pwani hii, na kwa miaka mitatu tulikuwa tukiahidiana kwenda. Mimi ni mwalimu. Watoto wetu wawili walikuwa nyumbani tangu shule zifungwe katikati ya Machi, na tulikwisha kuambiwa kwamba masomo yangerejea kwa madarasa yote tarehe 4 Januari 2021, kwa hiyo wiki ya mwisho ya Desemba ilionekana kuwa nafasi ambayo isingepatikana tena kwa muda mrefu. Wakala alituandalia safari ya watu wanne, yaani tiketi, viza na hoteli ya usiku saba, akatutaka tulipe amana ya shilingi 96,000. Kabla ya kulipa nilimuuliza mara mbili itakuwaje mipaka ikifungwa. Mara zote mbili alinijibu kwa upole ule ule: "Dada, usiwe na wasiwasi, ndege za kimataifa zinaruka tangu Agosti." Hilo lilikuwa kweli, maana anga la Kenya lilifunguliwa tena tarehe 1 Agosti 2020, lakini halikuwa jibu la swali langu.

Tarehe 20 Desemba tulikwenda Mombasa kupimwa korona, sote wanne, kwa shilingi 8,000 kila mmoja. Majibu yalitoka siku iliyofuata na yalikuwa safi. Usiku huo huo, mabegi yakiwa yamekwisha kufungwa, tukapata habari kwamba Oman inafunga mipaka yake ya anga, nchi kavu na bahari kwa wiki moja kuanzia tarehe 22, kwa hofu ya aina mpya ya virusi iliyogunduliwa Uingereza. Saudia ilikuwa imetangulia kufunga. Ndege yetu ilikuwa ya tarehe 23.

Wakala alipokea simu ya tano. Alitusomea kifungu kilichochapwa nyuma ya fomu, kwa herufi ndogo mno hata mume wangu alilazimika kuipeleka karatasi dirishani ili aisome mwenyewe: hasara yoyote itokanayo na amri ya serikali yoyote itabebwa na mteja. Alichoweza kutupa ni hati ya kusafiri baadaye, itakayokufa baada ya miezi sita, na ambayo haifai kwa nchi nyingine ila ile ile. Simlaumu kwa kutojua kwamba Oman ingefunga, kwa kuwa hakuna aliyejua. Ninamlaumu kwa kuwa alikijua kifungu kile tangu mwanzo, nami nilikuwa nimekaa mbele yake nikiuliza jambo hilo hilo kwa maneno wazi, naye akachagua kunijibu kuhusu Agosti. Kwa huduma hiyo simpendekezi kwa mtu yeyote.

Hata hivyo, lau ingekuwa ni fedha tu, nisingeandika haya yote. Usiku ule, nikiwa nimeshika vile vyeti vinne vya maabara, nilianza kujiuliza vinathibitisha nini hasa. Kipimo cha PCR, yaani kile cha maabara tulichofanyiwa, kinasema ulivyokuwa saa ulipoingizwa kijiti puani, basi. Virusi hivi huweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla dalili hazijatokea, na kwa wengi dalili huanza siku ya tano hivi, kwa hiyo mtu aliyeambukizwa jana anaweza kupata cheti safi leo, akapanda basi, akakaa uwanja wa ndege saa nne, akafika kwa wenyeji wake akiwa mzima machoni pao. Katika mji wa Ischgl, huko Austria, watu walikuwa wamekwenda kuteleza kwenye theluji mwezi wa Machi, na waliporejea makwao waliusambaza ugonjwa katika nchi nyingi za Ulaya. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa likizoni.

Sisi wa Malindi tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Mwanzoni mwa Machi 2020, kabla Kenya haijatangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13, serikali ilisimamisha ndege zilizokuwa zikileta watalii pwani kutoka Verona na Milan, na nakumbuka hofu iliyokuwa mjini, kwa kuwa mji huu umekula na Waitaliano kwa miaka mingi na hakuna aliyetaka kuwakataa, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuwapokea. Mwezi uliofuata kaunti yetu ya Kilifi ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi mwanzoni mwa Juni. Tulikuwa wenyeji tukiwaogopa wageni. Desemba sisi ndio tuliokuwa wageni wenyewe, tukitoka katika nchi ambayo wimbi la pili lilikuwa limeipiga tangu Oktoba, tukienda kulala na kula na shangazi wa mume wangu aliyepita miaka themanini, bila chanjo yoyote kufika mikononi mwetu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyetukumbusha hadithi ya Mtume kuhusu tauni, iliyopokewa na sahaba Abdurrahman bin Auf, kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikizuka katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Watu wengi huishika nusu ya kwanza, inayomlinda msafiri, ilhali nusu ya pili inawalinda wale anaowaendea. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, aligeuza njia alipofika Sargh akielekea Sham, yaani upande wa Syria, baada ya kusikia kwamba tauni iko huko, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Mama hakuongeza neno. Alifungua begi letu moja akaanza kutoa nguo.

Kwa nini basi tulikwenda Lamu, ikiwa ndio msimamo wenyewe? Swali hili ni la haki, nami sikulikwepa. Kisiwa kile ni kidogo, nyumba zake zimebanana, na wauguzi na maafisa wa kliniki nchini walikuwa katika mgomo tangu tarehe 7 Desemba, kwa hiyo kumpelekea mtu ugonjwa wakati ule kulikuwa ni kumpelekea mahali ambapo huenda asipate wa kumtazama. Tulichokifanya ni kumpigia mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye mume wangu alimjua kupitia rafiki, na kumwambia ukweli wote: tumetoka Mombasa, tumepimwa, tunaweza kuja au kutokuja. Yeye ndiye aliyetuhoji. Nani kati yenu ana kikohozi? Mmehudhuria harusi au maziko wiki hizi mbili? Mtakuja kwa basi au kwa gari lenu? Aliposikia tutaazima gari la ndugu, akatukubalia, akasema tusilete mtu wa ziada. Katika mazungumzo yote na wakala, yaliyochukua majuma matatu, hakuna aliyewahi kutuuliza hata moja la maswali hayo.

Tuliondoka tarehe 24 asubuhi, sisi wanne pamoja na mama mkwe, tukapita Garsen na Witu, tukasimama kila penye kizuizi cha polisi, tukaliacha gari Mokowe na kuvuka kwa mashua. Kwenye daka la nyumba, yaani ukumbi wa mlangoni, juu ya baraza la mawe, palikuwa na ndoo ya buluu yenye bomba, na kando yake kipande cha sabuni ya mche kilichotiwa ndani ya wavu wa vitunguu na kuning'inizwa kwenye msumari wa mlango, ili kisianguke wala kisiyeyukie majini. Mwenyeji alisimama ndani ya kizingiti, barakoa usoni, akangoja hadi mtoto wangu mdogo akamaliza kusugua vidole vyote kumi, ndipo akasema, "Haya, karibu mwanangu." Mkono hakutupa, na hakuomba radhi kwa kutoutoa.

Nyumba za mawe za Lamu hazikujengwa kwa ajili ya ugonjwa wa hewa. Kuta zake ni nene, vyumba ni virefu na vyembamba, vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, na kile cha mwisho, kiitwacho ndani, hakina dirisha lolote. Ni uzuri wa kutazama, hasa zile zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyo ukutani, zinaposhikwa na mwanga wa taa, lakini hewa husimama. Mwenye nyumba alikuwa amelifikiria jambo hilo kuliko hoteli nyingi kubwa. Chumba cha ndani alikuwa amekifunga asikikodishe. Milango ya vyumba viwili vilivyobaki, vinavyotazama kiwanda, yaani ule ua wa katikati ulio wazi juu, ilikaa wazi mchana kutwa, na chakula chote kilipelekwa darini, chini ya paa la makuti, mahali ambapo upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma tangu asubuhi hadi usiku. Baada ya kila mgeni kuondoka alikuwa akiacha chumba kitupu siku mbili, madirisha na milango wazi, magodoro yameanikwa. Siku hizo mbili hazikumwingizia hata senti, naye hakuzitaja mpaka nilipomuuliza kwa nini chumba cha pili kilikuwa hakina mtu usiku wetu wa kwanza, tukalazimika kulala sote katika kimoja.

Kasoro zipo. Maji ya kuogea ni ya kisima na yana chumvi, nywele hukakamaa. Punda hulia chini ya dirisha saa tisa usiku. Vyandarua vilikuwa na matundu mawili ambayo niliyashona mwenyewe. Ngazi ya kwendea darini ni ya mwinuko mkali, na mama mkwe alihitaji kushikwa kila alipopanda, kwa hiyo mwenye magoti mabovu afikirie kwanza.

Chakula sina la kukikosoa. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na siku mbili tulipata mkate wa mofa uliotoka tanuuni hivi punde, ukiwa na moshi kidogo kwenye ganda. Usiku ni samaki wa kupaka, changu au tasi kwa jinsi wavuvi walivyorudi, pamoja na achari ya embe iliyotengenezwa pale pale. Bei wakati ule ilikuwa shilingi 3,500 kwa chumba kwa usiku, na chakula cha usiku kililipiwa kando.

Mwenyeji alitutafutia nahodha wa kutupeleka Takwa, ule mji wa kale ulioachwa upande wa Manda, ambao hufikiwa kwa mkondo wa mikoko maji yakijaa. Mashua yake hubeba watu kumi na wawili, lakini alituchukua sisi peke yetu kwa shilingi 2,500. Tulipokuwa tukingoja maji yapande, alinionyesha mkuku, ule uti wa chini wa mashua, uliokuwa umepigwa mafuta upya kwa mikono yake. Kuanzia Aprili hadi Agosti chombo kilikuwa kimepandishwa pwani, kwa kuwa hapakuwa na mgeni hata mmoja, akauza mashine ya mashua yake ili kulisha watoto. Nilimuuliza kama angependa Wazungu warejee sasa hivi kwa wingi kama zamani. Alinyamaza kidogo. Akasema anawataka sana, ila anaishi na mamake mwenye pumu katika chumba kimoja, na kila anaposhuka chomboni huoga nje kabla ya kuingia.

Ninajua kwamba ushauri wangu ukifuatwa na kila mtu duniani, nahodha huyu na maelfu wa Malindi na Watamu watazidi kuumia, na jambo hilo linaniuma. Lakini sioni haki katika kumwachia yeye peke yake hatari yote, sisi tukijipumzisha. Anayesafiri kwa matibabu, kwa kazi au kuzika mzazi, simo katika kumhukumu. Ninayezungumza naye ni yule ambaye, kama mimi Desemba, anataka kubadilisha hewa tu. Huyo, wakati wa ugonjwa kama ule, na atembee mahali anapoweza kurudi kwa gari siku hiyo hiyo akipatwa na homa, ambako hakuna mpaka utakaofungwa nyuma yake, na fedha yake ifike kwa mama wa vyumba viwili na kwa mwenye mashua ambao wageni wao wa mbali hawaji.

Hesabu yetu ya Lamu, pamoja na mafuta ya gari, mashua na chakula cha watu watano, ilifika shilingi 71,500. Ile ya Muscat, ambako hatukufika, imekwisha kutugharimu 128,000 kwa amana na vipimo. Oman ilifungua mipaka tena tarehe 29 Desemba. Wakala alituma ujumbe siku hiyo hiyo kututaka tulipe salio ili tusafiri tarehe 2 Januari, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Sikumjibu.

Tarehe 8 Januari, siku ya tisa tangu tuondoke Lamu, mwenye nyumba alipiga simu. Alitaka kujua kama yeyote kati yetu amepata homa, kwa sababu alikuwa na wageni wengine wa kuwapokea Jumapili na hakutaka kuwafungulia mlango kabla ya kusikia kutoka kwetu. Anayetaka kufikia kwake na aulizie kwa mabaharia gatini, apige simu angalau wiki moja kabla, na awe tayari kuhojiwa.