Kiingereza kimenyooka, bamvua limepotea: huduma ya kuhariri makala kwa akili mnemba

Nimelipa shilingi elfu tisini, tena za mfukoni mwangu, kwa hiyo niacheni niseme.

Duka lenyewe sitalitaja. Ni chumba kimoja juu ya stesheneri mjini Unguja: ngazi za mbao, feni inayogonga kila ikizunguka, na karatasi mlangoni inayosema makala za majarida zinahaririwa kwa AI, siku moja tu. Mimi ni mwalimu wa chuo, nasubiri kupandishwa daraja, na makala yangu kuhusu kina mama wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani ilikuwa imerudishwa na jarida moja kwa sababu ya Kiingereza. Wahariri wa ng'ambo hutoza dola, mimi mshahara wangu ni shilingi. Nikapanda ngazi.

Kijana wa pale ana adabu zake. "Karibu mwalimu, kaa hapa penye upepo." Akachomeka flashi yangu, akalikata faili la maneno elfu sita vipande vipande, akawa anavibandika kwenye programu kimoja baada ya kingine. Adhuhuri ilipoadhiniwa nikawa nimeshakabidhiwa kazi, imechapwa na kubanwa pini.

Nianze na haki yake. Kiingereza kilinyooka kweli. Sentensi ya mistari saba ilikatwa mara tatu ikaeleweka. Zile "the" na "a", ambazo sisi Waswahili huzinyunyiza kama pilipili manga, kila moja ilikaa mahali pake. Kwa kazi hiyo peke yake elfu tisini si ghali.

Nikafika nyumbani, nikachukua penseli. Ukurasa wa tatu nikasimama. Nilikuwa nimeeleza kwamba kina mama huingia shambani siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na kamba za mwani kuonekana. Kwa Kiingereza bamvua ni "spring tide". Programu iliona "spring", ikaelewa majira ya machipuko ya Ulaya, ikaandika kwamba kina mama huingia baharini Machi hadi Mei. Machipuko, Jambiani! Tena hiyo ndiyo miezi ya masika. Mama mmoja kati ya walionipa habari zile angenicheka mpaka akae chini.

Hilo la bamvua linachekesha, na mhakiki yeyote anayeijua pwani angelinasa. Lililonikosesha usingizi ni dogo zaidi. Mimi niliandika kwamba huenda joto la maji ndilo linalofanya mwani wa aina ya cottonii ufe kwenye maji madogo huku ule wa spinosum ukivumilia. "Huenda" yangu imefutwa. Sasa makala inasema joto linasababisha, nukta. Mahali pengine niliposema "chini ya nusu ya niliowahoji", pamekuwa "wakulima wengi". Sentensi ni nzuri, inateleza ulimini, lakini si niliyoyaona mimi ufukweni. Na haya hayana alama ya makosa. Ukisoma haraka unayapita huku unatabasamu kwa jinsi Kiingereza chako kilivyopendeza.

Halafu marejeo. Niliondoka na 34, nimerudi na 36. Nikazichukua namba za DOI, yaani za utambulisho wa makala mtandaoni, za yale mawili yaliyozidi, nikaziweka moja moja kwenye doi.org. Ya kwanza haipo kabisa. Ya pili ipo, ila ni ya makala ya saruji.

Kesho yake nikarudi. Kijana hakubisha, akasema atarekebisha bure, na alirekebisha. Tulipogongana ni nilipomwambia nitaandika tamko kwamba nimetumia akili mnemba kusafisha lugha. Akashuka sauti: "Mwalimu, usitaje. Ukitaja wanakukataa." Ndiyo ushauri anaompa kila mteja, na ndio mbovu kuliko yote niliyoyakuta pale.

Kwa sababu kanuni zenyewe hazijafichwa. Kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilisema tangu Februari 2023 kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, maana haiwezi kubeba dhamana, na anayeitumia aeleze ameitumiaje. ICMJE, ya wahariri wa majarida ya tiba, ikafuata Mei mwaka huohuo. Majarida ya mchapishaji Elsevier huomba tamko la mistari michache tu: programu gani, kwa kazi gani, na kwamba mwandishi ameipitia kazi na anaibeba yeye. Kusahihisha tahajia na sarufi kwa kawaida hata hakuhitaji tamko. Waliofedheheka hawakufedheheka kwa kutaja. Mwaka 2024 jarida la Surfaces and Interfaces lilitoa makala ya betri ambayo utangulizi wake ulianza na maneno ya mashine yenyewe, "Bila shaka, huu hapa utangulizi unaoweza kufaa kwa mada yako", kwa Kiingereza, na hakuna aliyeyaona, si waandishi, si wahakiki. Na ule mchoro wa panya mwenye viungo vya ajabu katika jarida moja la mchapishaji Frontiers, Februari 2024? Pale waandishi walitaja kwamba umechorwa na Midjourney, programu ya kuchora, lakini mhakiki mmoja aliilalamikia michoro, waandishi hawakujibu, na ikachapwa vivyo hivyo. Makala ikaondolewa siku chache baadaye.

Duka pia linauza kipimo: elfu kumi na tano unapewa karatasi yenye asilimia ya "uandishi wa AI". Nikawapa kurasa nne za tasnifu yangu ya 2016, miaka sita kabla ChatGPT haijatoka. Majibu: zaidi ya nusu ni mashine! Kijana, bila kupepesa, akanieleza kuwa kwa elfu ishirini zaidi wanaweza "kuifanya iwe ya binadamu". Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walivipa vipimo saba vya aina hii insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, na kwa wastani asilimia 61 zikaitwa za mashine. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walikiondoa kipimo chao Julai mwaka huo kwa kukosa usahihi. Sisi tunauziwa hofu, kisha tunauziwa dawa yake, dirisha lilelile.

Na jambo jingine, nililiona kwa kuwa nilikaa penye upepo, upande wa skrini. Wateja wote wanapitia akaunti moja. Pembeni kulikuwa na orodha ya mazungumzo: tasnifu ya fulani, data za hospitali, na moja iliyoanza "nisaidie kuandika maoni ya mhakiki". Yaani kuna mwenzetu alitumiwa kazi ya mtu kwa siri aihakiki, akaja kuimwaga hapa. Kule Marekani NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, iliwakataza wahakiki wa maombi ya ruzuku jambo hili tangu Juni 2023. Mahojiano yangu na kina mama sikuwa nimeyaleta, na nilishukuru.

Ukiamua kwenda, peleka makala tupu bila data wala majina, dai faili ambalo mabadiliko yamewekewa rangi (wanaweza, ila hawakupi mpaka uombe), na marejeo yaache nyumbani. Mwisho wa mwezi foleni inafika kwenye ngazi. Uhariri wa lugha naupa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya adabu ya kijana. Kipimo sikipi kitu. Makala yangu nimeituma Jumatatu, na tamko lake, na bamvua lake.