Tela la ekseli mbili: kagua bushi kabla ya rangi

Wasomaji walioko Texas na Ohio, hasa wanaobeba magari ya mnadani kuyapeleka bandarini, wananiletea lalamiko lile lile: tela bado jipya, tairi zinalika upande mmoja. Muuzaji anawaambia wabadilishe tairi. Wakibadilisha, zinalika tena.

Ingia chini ya tela. Kati ya springi ya mbele na ya nyuma kuna chuma kifupi kinachobembea, kazi yake kugawa uzito kati ya ekseli mbili gurudumu moja likiingia shimoni. Chuma hicho na macho ya springi (matundu ya ncha zake) hushikwa na bolti zinazopita ndani ya bushi, yaani vibomba vidogo vinavyozuia bolti isisage chuma. Tela nyingi hutoka kiwandani na bushi za nailoni, zisizopigwa grisi. Nailoni ikiisha, bolti husaga chuma, tundu hupanuka, ekseli huhama mstari wake, na tairi ndiyo inayoumia. Dai bushi za shaba na bolti zenye nipeli, kile kidude cha kupigia grisi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya tela zima, na bado hawaziweki! Hilo linaniudhi sana.

Chaguo langu la kwanza silifichi: ekseli za springi za kampuni ya Dexter, zenye bushi hizo za shaba na breki za umeme kwenye ekseli zote mbili. La pili ni Torflex, za Dexter vilevile, zenye mpira ndani badala ya springi. Bushi za kuisha hazina, lakini hata kile chuma cha kugawa uzito hazina, kwa hiyo tela livutwe likiwa limelala sawa. Pua ikiinuka, ekseli ya nyuma inaelemewa. Tela rahisi zenye breki kwenye ekseli moja tu, achana nazo.

Ukiona tangazo la tela limeandikwa uzito wa pauni 7,000, huo ni wa tela pamoja na mzigo. Likiwa na pauni 2,000 lenyewe, gari unalopakia lisizidi 5,000. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye ndoano inayounga tela na pikapu. Ukiliegesha gari nyuma mno, mkia utayumba. Ukiyumba, usikanyage breki ya pikapu: achia mafuta, shika usukani sawasawa, bana breki za tela peke yake kwa mkono, kwa kidhibiti chake kilichoko karibu na dereva. Minyororo ya usalama ya tela ipishane chini ya ndoano.

Sasa bei. Unaona tangazo, unasafiri hadi kwao, halafu mezani zinaibuka ada ya makaratasi, ada ya maandalizi, na tairi ya akiba inayouzwa kando. Huo ni unyang'anyi kwa mtu aliyedunduliza miaka. Kabla hujatoka nyumbani, waandikie wakutumie bei kamili hadi senti ya mwisho, aina ya bushi ikiwemo. Wakikataa kuandika, nenda kwa mwingine.