Noti za zamani za Marekani: usiangalie mwaka, soma jina la benki

Haya sogezeni macho hapa karibu na kamera. Hii ni noti ya dola 10, sura ni ya Hamilton kama kawaida, ila ona muhuri wa kahawia na juu pameandikwa National Currency, halafu hapa kushoto kuna jina la benki kabisa, Bank of America ya San Francisco. Ndio, benki binafsi zilikuwa zinatoa noti kwa jina lao, kuanzia sheria ya 1863 wakati wa Lincoln mpaka 1935, benki inaweka hati za dhamana za serikali kule hazina ndo inapewa noti zake, zinasainiwa na keshia na rais wa benki, sio rais wa nchi jamani, hilo swali naulizwa kila siku.

Sasa wengi wakiona 1929 wanaruka, "ina karibu miaka mia, nimetajirika!" Tulia kwanza. 1929 ni jina la toleo tu, zimechapishwa mpaka 1935. Kinachokupa bei ni hii namba nyeusi iliyosimama pembeni, namba ya chata, yaani namba ya leseni ambayo benki ilipewa na serikali. Hii yangu ni 13044, na noti za benki hii zimejaa sokoni, ikiwa imetumika hivi mnadani naona zinaenda dola 60, 80, basi. Lakini chukua noti ileile, sura ileile, mwaka uleule, iwe ya benki ya Fairbanks kule Alaska, hapo tunaongelea maelfu ya dola. Watu wanagombania mji, na ni noti ngapi za hiyo benki zinajulikana zimebaki.

Kuna aina mbili za 1929. Ya kwanza namba ya chata ipo mara mbili, zote nyeusi. Ya pili imeongezewa mbili za kahawia, inakuwa nne. Usidhani moja ni dili kuliko nyingine kila mahali, kuna benki ambazo aina ya pili ndo adimu na nyingine kinyume chake.

Hapa ndo watu wanapigwa: kuna noti nyingine ya 1929 ina muhuri wa kahawia vilevile, ila mahali pa benki ya mji pameandikwa Federal Reserve Bank of Chicago, au mji mwingine (hizi ni benki za mfumo wa benki kuu ya Marekani), na badala ya namba ya chata kuna herufi. Hiyo sio yenyewe, ina soko lake, ila muuzaji akikuambia ni adimu kama ya benki ya kijijini mwache aende zake.

Zile kubwa za kabla ya 1929, pana karibu sentimita 19, ni nzuri mno, mimi binafsi za 1882 zenye mgongo wa kahawia ndo ugonjwa wangu. Kwenye toleo la 1902 tafuta muhuri mwekundu, ndo wa mwanzo na hutafutwa kuliko wa bluu.

Na tafadhali usipige pasi, usioshe, usibandike selotepu! Mnunuzi mzoefu akiiinua kwenye taa anaona, bei inaporomoka hapohapo.

Ukitaka nikuangalizie weka mji, namba ya chata na picha pande zote mbili, ukiandika "bro hii shingapi" peke yake sijibu.