Saa za ajabu za mkononi: ipi uanze nayo

Kigezo chetu ni kimoja: umesimama kwenye kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, mkono mmoja una mzigo. Je, utaisoma kwa kuitupia jicho tu?

Ya kwanza ni saa ya mshale mmoja, kama MeisterSinger za Ujerumani. Haina mshale wa dakika. Mzunguko wake umegawanywa nafasi 144, kila nafasi dakika 5. Raha yake kubwa ni kwamba unaweza kuitega kwa majira yetu: mshale kwenye 1 ni saa moja, huhitaji kugeuza 7 kichwani. Ila chukua isiyo na tarehe. Mashine hugeuza tarehe mshale ukipita 12, kwa hiyo ukiitega Kiswahili, tarehe itabadilika saa kumi na mbili badala ya saa sita usiku.

Ya pili ni ya madirisha, yenye visahani vya namba badala ya mishale. Iliyo bora, namba ya saa hutulia dakika 60 nzima kisha huruka. Muuzaji akikuonyesha, vuta kitufe cha pembeni, zungusha mbele taratibu hadi dakika 58, rudisha kitufe, subiri. Namba ikinasa nusu nusu dirishani, iache. Visahani ni vizito kuliko mishale, na betri au springi ikichoka, pale pa kuruka ndipo saa inaposimama.

Ya tatu, Bradley ya Eone, husomwa kwa kidole: gololi ya mbele ni dakika, ya ubavuni ni saa, zote huvutwa na sumaku. Gololi ikiteleza, tikisa mkono irudi. Kwa asiyeona, hii ndiyo ya kwanza.

Mwisho kabisa, saa za vitaa. Kila kitaa kina namba yake, nawe unajumlisha vinavyowaka: 32, 8 na 4 vikiwaka ni dakika 44. Ni tamu usiku, lakini jua la mchana hapa Mwanza humeza vitaa, na lazima mkono wa pili ubonyeze kitufe.

Angalia pia alama ya ATM, kipimo cha saa kuhimili maji: 3 ATM ni ya manyunyu tu. Anayeogelea ziwani atafute 10 ATM.

Ukikutana na ya mtumba kwenye masoko ya Makoroboi au Mlango Mmoja, omba fundi saa afungue mfuniko kabla hujalipa. Ukoko wa kijani au mweupe pembeni ya betri maana yake imevuja na kula shaba za ndani. Mara nyingi betri mpya peke yake haitaiamsha.