Heavy Heavy ya Young Fathers: isikilize kwenye sabufa

Mara ya kwanza niliisikiliza albamu hii kwenye simu huku nakanda unga wa chapati, nikaona kelele tupu. Sauti zimerundikana, ngoma juu ya ngoma, maneno yamezama. Nusura niifute. Jumamosi nikaichomeka kwenye sabufa, mlango wazi, nikaanza upya na "Rice", wimbo wa kwanza. Hapo ndipo ilipofunguka: ni watu wanaimba pamoja, na kila mmoja anataka asikike.

Kumbe ni watatu tu. Young Fathers wanatoka Edinburgh, Uskochi: Alloysious Massaquoi aliyezaliwa Liberia, Kayus Bankole ambaye wazazi wake ni Wanaijeria, na Graham Hastings. Wameanza kushirikiana wakiwa na miaka 14, na mwaka 2014 walichukua Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, kwa albamu ya Dead. Heavy Heavy imetoka Februari 2023, miaka 5 baada ya albamu yao ya Cocoa Sugar, na wameirekodi wenyewe kwenye studio yao ya chini ya nyumba. Ni hip-hop au pop? Mistari ya kurap imo, viitikio vya kuimba na umati vimo, na wala hawasubiri kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Wimbo ulionishika ni "Ululation", yaani vigelegele. Mimi harusini ndiye ninayesukumwa mbele kuvipiga, kwa hiyo jina tu lilinifanya nitege sikio. Anaongoza mwanamke, si mmoja wa wale watatu. Lugha yake siijui, lakini ile sauti inapanda kutoka kifuani kabisa, ya mtu aliyejaa jambo hadi linamwagika. Mama mwenye nyumba, ambaye kila siku hunigombeza kwa muziki, alisimama mlangoni na kapu lake la sokoni mkononi. "Mwanangu, huyo analia au anafurahi?" Nikamwambia yote mawili. Akakaa.

"Drum" ni ya kucheza, basi. "Tell Somebody" inaanza taratibu kama watu wanaoingia ibadani, kisha inavimba hadi spika inakwaruza. Wamefanya makusudi, msihangaike na waya.

Lawama yangu ni moja: nyimbo 10 hazifiki hata dakika 35, na "Be Your Lady" inayofunga ina kinanda kizuri mno mwanzoni, halafu wanakivunja mapema. Nilikihitaji kile kinanda. Nimeirudia mara nne, na kila wanapofika pale bado naumia.