Jokofu la mama, kesi ya mwana

Riwaya ya Vernon God Little ya DBC Pierre, iliyotwaa Tuzo ya Booker mwaka 2003, inahusu mauaji ya wanafunzi 16 katika mji wa kubuni wa Martirio, Texas, lakini kilichonikaa akilini baada ya kuimaliza ni jokofu. Mama yake Vernon ameagiza jokofu la rangi ya lozi, na wakati mwanawe wa miaka 15 anahojiwa na polisi kwa sababu muuaji, Jesus Navarro, alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, yeye angali anahangaika litaletwa lini na wenzake watasema nini wakiliona. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa mama wa namna hiyo namfahamu, na nampenda.

Msimulizi ni Vernon mwenyewe, mwenye kinywa kichafu kupita kiasi. Asiyevumilia matusi asijisumbue kuinunua. Nyuma ya matusi hayo, hata hivyo, amejificha mtoto mwenye soni. Kitu cha kumwondolea shutuma kipo tangu mwanzo: risasi zilipolia, tumbo lilikuwa limemshika na alikuwa nje akijisaidia. Kinyesi chake ndicho shahidi wake, naye hathubutu kukitaja mbele ya watu. Ni mzaha mchafu, lakini yeyote aliyewahi kuwa na umri wa miaka 15 ataelewa kwa nini kijana huyu anaacha mji mzima umdhanie muuaji kuliko kuujulisha habari za tumbo lake.

Anayenufaika na ukimya huo ni Eulalio Ledesma, ajitambulishaye kama mwandishi wa habari wa televisheni, kumbe ni fundi wa kutengeneza televisheni. Anajipenyeza nyumbani kwa akina Vernon, anamtongoza mama, anaugeuza msiba kuwa mtaji, na hatimaye anaanzisha kipindi ambamo watazamaji hupiga kura kumchagua mfungwa atakayefuata kuuawa. Mwaka huohuo wa 2003 sisi tulikuwa tumekodolea macho Big Brother Africa tukipiga kura nani atolewe nyumbani, kwa hiyo kejeli hiyo sikuweza kuwaachia Wamarekani peke yao.

Kasoro zipo. Safari ya Vernon ya kukimbilia Meksiko inalegea, Taylor Figueroa, anayetamaniwa na Vernon, amechorwa kama chambo badala ya msichana, na mafundo ya mwisho yanafunguka kwa wepesi ambao kurasa zilizotangulia hazikuuandaa. Mwandishi anakuwa imara kila anaporudi kwa mama na kile kisu ambacho Vernon anasema kimechomekwa mgongoni mwake: mama anakizungusha kwa maneno matamu, huku akilia kwa uchungu wa kweli na macho yake yakichungulia barabarani, kama gari la kuleta jokofu limefika.